Anchorage, Minneapolis au Bozeman: kiangazi hiki ujiunge na klabu ya wapi?

Kila mwaka Aprili ikielekea ukingoni, simu yangu hupata ujumbe wa aina moja. Safari hii umetoka kwa binti wa shangazi yangu, yuko mwaka wa pili chuoni na anashindana mbio za ski za masafa: "Kaka, kocha anasema kila mtu atafute klabu ya kiangazi. Nimebaki na miji mitatu. Niende wapi?"

Kwa mzazi au ndugu ambaye mchezo huu ni mgeni kwake: hizi si zile ski za kuteremka mlima ukiwa umebebwa juu na lifti. Hapa mlima unaupanda kwa mapafu yako mwenyewe, kisha unashuka, kisha unapanda tena. Wengi wetu tulizisikia mara ya kwanza kwa sababu ya Philip Boit, Mkenya aliyemaliza wa 92, yaani wa mwisho, katika kilomita 10 za Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Mama yangu hadi leo akielezea ninachofanya huanza na Boit.

Vyuo vya Marekani hushindana Januari hadi Machi, lakini mwaka wa mazoezi huanza Mei. Mtelezaji wa chuo mwenye bidii hufanya kama saa 500 hadi 700 za mazoezi kwa mwaka, na sehemu kubwa huliwa kabla theluji haijaanguka: ski za magurudumu barabarani, kukimbia vilimani na fimbo mkononi, kunyanyua vyuma. Tatizo ni kwamba kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hazimruhusu kocha wa chuo kukulazimisha mazoezi wakati wa likizo. Anakupa mpango kwenye karatasi, anakutakia heri, mnaonana Agosti. Klabu za mijini ndizo zinazoziba pengo hilo. Unalipa ada ya msimu, unapata kocha, kundi na siku maalumu za wiki.

Nitalinganisha miji hiyo mitatu ya Marekani, Anchorage (Alaska), Minneapolis (Minnesota) na Bozeman (Montana), kwa mambo manne: utafanya mazoezi na nani, barabara na vilima vikoje, kuna theluji au hakuna, na pesa pamoja na kitanda. Umaarufu wa klabu nimeuacha nje makusudi. Koti lenye nembo kubwa mgongoni halijawahi kumpandisha mtu kilima.

Na nikiri mapema: Minneapolis ndiko nilikokulia, Anchorage nimekaa kiangazi kimoja kizima, Bozeman wiki tatu tu. Unaposoma, lipime neno langu kwa mizani hiyo.

Utafanya mazoezi na nani

Anchorage ni nyumbani kwa kituo cha ski cha Alaska Pacific University, ambacho kila mtu hukiita APU. Kikkan Randall, aliyechukua dhahabu ya kwanza ya Marekani katika ski za masafa akiwa na Jessie Diggins kule PyeongChang mwaka 2018, alitokea hapo. Rosie Brennan, aliyeshiriki Olimpiki, alimaliza masomo chuo cha Dartmouth, kisha akahamia huko. David Norris alishindania chuo cha Montana State kabla ya kujiunga nao. Kwa hiyo njia ya kutoka chuoni kwenda Anchorage imeshakanyagwa na wengi. Mjini humo kuna klabu nyingine pia, Alaska Winter Stars ikiwemo, kwa hiyo usidhani mlango ni mmoja.

Jumanne yangu ya kwanza pale ilikuwa mazoezi ya kasi kupanda kilima, dakika nne nne, mara tano. Kwenye mpando wa kwanza niliona mgongo wa mtu. Kwenye wa pili niliona kona aliyopotelea. Nilitegemea hilo. Nisilolitegemea ni Jumatano yake: watu wale wale walikimbia polepole kiasi kwamba niliona aibu kwa niaba yao. Kwenye kilima kikali walitembea kabisa, wakipiga soga. Nikapita mbele. Kocha akanisimamisha, akanitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kimashine cha kupima laktiki, kemikali inayopanda kwenye damu mwili ukifanya kazi ngumu, akanionyesha namba bila kusema kitu. Nilikuwa nafanya mazoezi magumu siku ya mazoezi mepesi, na hivyo ndivyo nilivyofanya miaka mitatu mfululizo chuoni. Somo hilo peke yake lilirudisha ada yangu.

Upande wa pili wa sarafu: ukiwa wa mwisho kila siku kwa wiki kumi, kichwa kinachoka kabla ya miguu. Nimeona kijana mwenye kipaji akirudi chuoni Agosti akiwa mdogo kuliko alivyoondoka.

Minneapolis mambo ni tofauti. Loppet Foundation ina makao yake kwenye bustani ya Theodore Wirth, umbali mfupi kutoka katikati ya jiji, na kundi lake ni pana: wanafunzi wa sekondari, wanachuo waliorudi kwa wazazi, na watu wazima wenye kazi zao wanaojiandaa na American Birkebeiner, zile kilomita 50 za jimbo jirani la Wisconsin. Utamu wake ni kwamba wanachuo hutoka vyuo mbalimbali. Mtu aliyekupita Februari kwa sekunde sita, Julai mnagawana chupa ya maji. Ubaya wake ni kwamba kiwango hupanda na kushuka kulingana na nani hajasafiri wiki hiyo. Kuna asubuhi utajikuta wewe ndiye wa mbele, na hakuna wa kukuvuta. Mwenye moyo wa kufundisha lakini atapata nafasi, maana watoto ni wengi na makocha hawatoshi. Ulizia kama wanachukua wasaidizi wa kulipwa.

Bozeman ina Bridger Ski Foundation, na chuo cha Montana State kiko mji huo huo, kwa hiyo hukosi watelezaji wa ligi ya magharibi waliobaki kiangazi. Kundi ni dogo kuliko Anchorage na lina tabia ya kimlima: wengi ni wakimbiaji wa vilele ambao ski ni mchezo wao wa majira ya baridi. Ukipenda njia za mawe utashiba. Ukipenda ratiba iliyonyooka, waulize vizuri.

Lami, vilima na hewa

Minneapolis ni tambarare, hakuna la kuficha. Njia za baiskeli kuzunguka maziwa ya Harriet na Bde Maka Ska ni laini kama meza, nzuri kwa kujisukuma kwa fimbo mbili saa nzima, lakini kilima cha kupanda dakika kumi bila kukatika hukipati ndani ya jiji. Watu huenda kwenye bonde la mto St. Croix au hupanda gari hadi Duluth mwishoni mwa wiki. Halafu kuna joto. Julai mchana hufika nyuzi 28 au 30 na unyevu wa kukufanya ukumbuke Mombasa bila bahari yake. Lami inalainika, ncha ya fimbo inazama kidogo kila unapoikita, na ukiivuta inang'ang'ania kama kijiko kwenye ugali. Bega hulipa. Ndiyo maana sisi tulianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla njia haijajaa mbwa na watoto. Kumbuka ski nyingi za magurudumu hazina breki.

Anchorage hewa ni ya baridi kiasi, nyuzi 15 hadi 20, na mwishoni mwa Juni mwanga hukaa zaidi ya saa 19. Unaweza kuteleza saa nne usiku ukiwa umevaa miwani ya jua, na ndipo usingizi unapoharibika. Nunua kitambaa cheusi cha dirishani siku ya kwanza. Njia ya pwani ya Tony Knowles hutoka katikati ya mji hadi bustani ya Kincaid, kama kilomita 18. Lami yake imepasuliwa na mizizi na barafu ya ardhini, na gurudumu likiingia ufa ukiwa kasi, goti ndilo linalosalimia kwanza. Kuna pia moose, wale wanyama wa jamii ya kulungu, wakubwa kama farasi, wanaosimama katikati ya njia bila haraka yoyote. Unasubiri. Nilisubiri dakika ishirini siku moja nikiwa na sare, kofia na fimbo zangu, kama mtu aliyekosa basi. Dubu nao wapo, kwa hiyo njia za msituni hazikimbiwi ukiwa peke yako.

Kwa vilima Anchorage haina mshindani kati ya hii mitatu. Tarehe 4 Julai watelezaji wengi huenda Seward, kwenye mbio za Mount Marathon za kupanda na kushuka mlima wa mita 900 na ushee kutoka usawa wa bahari. Yule David Norris niliyemtaja aliweka rekodi ya dakika 41 na sekunde 26 hapo mwaka 2016, akivunja ile ya Kilian Jornet, mkimbiaji maarufu wa milimani kutoka Hispania, ya mwaka uliotangulia.

Bozeman iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Wamarekani wa pwani huiita nyanda za juu na kutegemea itawaongezea chembe nyekundu za damu. Mtu aliyekulia Nairobi au Nakuru atacheka, maana mji wenyewe uko chini ya kwao. Mwinuko wa kweli unaupata ukipanda safu ya Bridger, ambayo inaanzia pembeni mwa mji. Usiku ni wa ubaridi mtamu wa kulalia. Hatari yake ni moshi: Agosti mioto ya misitu ikiwaka, hewa inaweza kuwa mbaya siku kadhaa mfululizo, na kocha hana budi kuwaingiza ndani kwenye vyuma. Mwenye pumu alifikirie hili kabla ya jambo lingine lolote.

Theluji

Hapa jibu ni fupi. Minneapolis hakuna. Kombe la Dunia la ski za masafa lilifika Theodore Wirth Februari 2024, Gus Schumacher wa Anchorage akashinda kilomita 10, na hata wakati ule wa baridi walitegemea theluji ya mashine. Kiangazi ndiyo usahau.

Bozeman, mtu mwenye gari anaweza kuwahi mabaki ya theluji mwanzoni mwa Juni kwenye barabara ya Beartooth, zaidi ya mita 3,000 juu. Ni matembezi ya siku moja moja, usiyategemee kama mpango wa mazoezi.

Anchorage ina Eagle Glacier. APU ina kituo juu ya barafuto hiyo, yaani barafu nene ya mlimani isiyoisha mwaka mzima, karibu na Girdwood, na unafika kwa helikopta. Unalala huko, unateleza asubuhi, unakula, unalala mchana, unateleza tena. Julai, theluji ya kweli chini ya ski zako. Ukungu ukishuka helikopta hairuki, kwa hiyo unaweza kukwama chini ukiwa umeshafunga mizigo, au kukwama juu chakula kikipungua. Nafasi ni chache na gharama yake ni nyongeza, si sehemu ya ada ya kawaida kwa kila mtu. Kabla hujakata tiketi ya ndege kwa ajili ya barafuto, uliza kwa maandishi kama kambi za mwaka huo zipo na kama mwanachuo mgeni anaingia.

Maoni yangu, ambayo makocha wengine watayapinga: kwa mtu wa mwaka wa kwanza au wa pili, siku saba za theluji kiangazi hazimfanyi kitu ambacho wiki kumi za kulala vizuri zisingemfanyia zaidi. Kwa mtu wa mwaka wa nne anayetaka kuingia timu ya kulipwa, hesabu inabadilika, kwa sababu mbinu ndiyo imebaki kunoa, na magurudumu hudanganya. Yanakuruhusu kusukuma pembeni kwa namna ambayo theluji itakutosa.

Pesa, kibarua na kitanda

Mama alipojua nitalipa ada ili nifanye mazoezi aliuliza, "Unawalipa wao, ama wao ndio wanakulipa?" Swali lake ni zuri kuliko mengi ninayoyapata.

Ada ya klabu mara nyingi ndiyo sehemu ndogo. Kinachomaliza mfuko ni kodi ya chumba, chakula cha mtu anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku, na gari. Minneapolis ina mabasi na treni za mjini, vibarua ni vingi, na Wakenya wa vitongoji vya kaskazini kama Brooklyn Park hawatakuacha ulale njaa. Wengi wetu tulifanya zamu za usiku kwenye nyumba za kutunza wazee na walemavu. Malipo si mabaya, ila zamu ya usiku na mazoezi ya saa kumi na mbili asubuhi ni maadui. Nilijaribu wiki mbili nikaugua.

Anchorage usipokuwa na gari utaomba lifti kiangazi kizima. Vyumba karibu na APU na jirani yake University of Alaska Anchorage hupatikana wanafunzi wanapoondoka, na watalii huleta kazi nyingi za msimu. Nauli ya ndege ihesabu mwanzoni. Jambo dogo la moyo: uko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 11. Ukimaliza mazoezi ya jioni, bibi ndio kwanza anachemsha chai ya asubuhi. Mimi ilinifaa, nilizungumza naye kuliko kiangazi kingine chochote.

Bozeman basi la mjini, Streamline, ni la bure, na kazi za utalii zipo kwa sababu ya Yellowstone. Kodi ya nyumba ndiyo inayouma. Usiende kabla hujapata chumba. "Nitatafuta nikifika" imewalaza watu kwenye magari.

Mwenye viza ya F-1: kazi ya mtaani haimo kwenye ruhusa yako, hata iwe ya saa mbili na hata kama kocha ndiye aliyekutafutia. Kaa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako kabla ya kukubali chochote, pamoja na ule usaidizi wa kufundisha watoto nilioutaja.

Na sasa kosa langu. Kiangazi kimoja nililipia msimu mzima kwenye klabu ambayo siitaji, bila kuuliza ratiba. Mazoezi makuu yalikuwa saa tatu asubuhi. Zamu yangu ilianza saa moja. Nilihudhuria mara kumi kwa msimu wote, siku nyingine nikateleza peke yangu jioni kwenye maegesho ya magari ya duka lililofungwa, nikizunguka nguzo za taa. Walikataa kurudisha pesa, na kwa kweli fomu ilisema hivyo, kwa herufi ndogo.

Nani aende wapi

Kama unamaliza chuo, una akiba au familia ya kukushika mkono, na unataka kujua kama kiwango cha juu kinakufaa, Anchorage itakujibu kwa wiki tatu. Nenda ukijua utashindwa mbio nyingi za mazoezi, na uwe na mtu wa kumpigia simu siku hizo.

Kama wazazi wako Minnesota, au unahitaji kuondoka kiangazi ukiwa na pesa benki, Minneapolis ina mantiki. Dawa ya utambarare ni kupanga safari ya vilima kila Jumamosi na wenzako wawili wa kiwango chako. Wapate hao wawili Mei, usingoje Julai.

Kama unapenda kukimbia milimani kuliko magurudumu, au chuo chako hushindana kwenye mwinuko wa magharibi na ungependa mwili uzoee, Bozeman ni chaguo zuri, mradi chumba kiwe mkononi na mapafu yasiwe na historia ya ugonjwa.

Ukiwa umetoka kwenye jeraha, usichague mji. Chagua kocha atakayekubali kuongea na daktari wako. Yuko popote kati ya hiyo mitatu, au hayuko.

Na kama pesa hazitoshi kwa lolote kati ya hayo, baki mji wa chuo chako na wenzako wanne. Klabu nyingi hupokea mgeni wa wiki moja moja. Jilipie wiki moja ya Julai, upigwe video, urudi na mambo mawili ya kurekebisha.

Vyovyote iwavyo, kabla ya kulipa omba ratiba halisi ya wiki moja ya Julai iliyopita, siku na saa. Iweke pembeni ya zamu zako za kazi. Zikigongana zaidi ya mara mbili kwa wiki, tafuta klabu nyingine au kazi nyingine.

Binti wa shangazi amejibu jana usiku. Amepata kazi ya maktaba Minneapolis, kuanzia saa nne asubuhi, na anauliza kama zile ski zangu za magurudumu bado zipo. Zipo. Gurudumu la nyuma la kushoto linahitaji beringi mpya.